Namna ya Kuitafuta Presha Iliyojificha Nyumbani Kwako: Mwongozo kwa Jamaa wa Lamu

Mwongozo huu umekusudiwa mtu mmoja katika kila nyumba: yule ambaye wazee humwita awasomee ujumbe wa simu na karatasi za hospitali, awe ni binti, mjukuu au mpwa. Kazi atakayopewa hapa haihitaji udaktari. Atawapima presha watu wazima wote wa nyumba yake kwa utaratibu unaoaminika, atayaandika matokeo siku kwa siku, kisha atayafikisha zahanati au hospitali yakiwa katika hali ambayo mtabibu anaweza kuyategemea. Nasisitiza watu wazima wote, kwa sababu mazoea yetu hapa Lamu, Mkomani na Langoni sawasawa, ni kumpima anayelalamika kichwa na kumpita anayejiona mzima, ilhali wengi wenye ugonjwa huu wamo miongoni mwa hao wanaopitwa.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 kwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69 ulionyesha kwamba takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu. Katika hao waliokuwa nayo, waliojijua walikuwa asilimia 15.6 tu, na katika hao waliojijua, waliokuwa wakitumia dawa walikuwa asilimia 26.9. Waliokuwa kwenye dawa, hata hivyo, zaidi kidogo ya nusu yao presha ilikuwa imetulia. Mtu akizifuata nambari hizo kwa mpangilio wake ataona kwamba tundu kubwa kuliko yote liko mwanzoni kabisa, mahali pa kupimwa, na hapo ndipo watu wa nyumbani wanapoweza kufanya jambo bila kungoja serikali wala mfadhili. Hali hii haiko Kenya peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya juu, theluthi mbili yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu ya wote hawakuwa na habari.

Nani aandikwe katika orodha

Chukua daftari la kawaida la shule na uandike majina ya kila aliyetimiza miaka 18, ukurasa mmoja kwa mtu mmoja, ukianza na wanaume. Mwanamke aliyezaa amewahi kufungwa mkanda wa presha kliniki ya wajawazito, pengine mara nyingi. Mwanamume anaweza kutoka madrasa na shule, akavua, akajenga, akaoa na kuoza binti, akafika miaka hamsini bila mkono wake kupimwa hata mara moja. Karibu na jina la kila mtu andika mambo machache ambayo mtabibu atayauliza baadaye: kama mzazi au ndugu yake aliwahi kupooza au kufa ghafla, kama ana kisukari, kama anavuta sigara, kama anatafuna miraa au mogoka, na kwa wanawake, kama waliwahi kupandwa na presha wakati wa ujauzito hata ikiwa ilishuka baada ya kujifungua. Mwanamke wa namna hiyo huambiwa kwamba yamepita, lakini hatari yake ya kupata presha ya kudumu miaka ya mbele ni kubwa kuliko ya mwenzake.

Andika pia dawa anazomeza mtu, zikiwemo zile ambazo haziitwi dawa. Hamali wa gatini na mvuvi wa nyavu wengi wao humeza diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo na viungo, na dawa za jamii hiyo zinaweza kuipandisha presha na kuidhuru figo zikitumiwa kwa muda mrefu. Hili hulisikii likisemwa dukani zinaponunuliwa.

Usimpange mtu kwa dalili. Kichwa kuuma, kizunguzungu na moyo kwenda mbio huja kwa sababu nyingi, na mtu anaweza kukaa na presha ya 170 miaka kadhaa akipanda ngazi za nyumba yake ya ghorofa tatu bila kusikia lolote, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiendelea kuumia. Mara nyingi dalili ya kwanza ndiyo hasara yenyewe: mtu aliyelala salama huamka mdomo umeenda upande na mkono hauinuki. Bado yapo majumba ambayo, likitokea hilo, hutafuta kwanza ni nani aliyemtupia mwenzake upepo mbaya. Sibishani na mtu juu ya kisomo. Kurani isomwe, lakini isomwe mgonjwa akiwa njiani kwenda hospitali.

Mashine na mkanda wake

Tafuta mashine inayojijaza upepo yenyewe na inayofungwa mkono wa juu, baina ya bega na kiwiko. Zile za kufungwa kifundo cha mkono ni nyepesi na hupendeza, lakini hukosea upesi mkono ukikaa chini au juu ya usawa wa moyo, na mtu wa kawaida hana subira ya kuuweka mkono sawa kila mara. Si kila mashine inayouzwa imejaribiwa. Orodha ya zilizothibitishwa huwekwa wazi na shirika liitwalo STRIDE BP, na ni vyema jina na namba ya mashine vikalinganishwa na orodha hiyo kabla ya kulipa. Nyumba mbili tatu za jamaa zinaweza kuchangia mashine moja. Asiyeweza kununua amuulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, kwa kuwa katika mikoba ambayo wahudumu hao walianza kugawiwa mwezi Septemba 2023 mashine ya presha ni mojawapo ya vifaa vilivyomo.

Hewa yetu ya pwani hula chuma. Betri zitolewe mashine isipotumiwa, na mashine ihifadhiwe ndani ya mkebe wenye kifuniko. Betri zikichoka zibadilishwe kabla ya kuanza duru ya vipimo, wala si katikati yake. Mara moja kwa mwaka ipeleke mashine kituo cha afya, mtu mmoja apimwe kwa yako na kwa yao, uone kama zinakaribiana.

Makosa makubwa zaidi hutoka kwenye mkanda. Azima utepe wa fundi cherehani, uzungushe katikati ya mkono wa juu wa mtu, usome sentimita. Mikanda mingi inayouzwa pamoja na mashine imekusudiwa mkono wa sentimita 22 hadi 32, na mingine mikubwa zaidi ni ya 32 hadi 42. Kipimo chake huwa kimechapwa kwenye mkanda wenyewe, na hicho ndicho cha kufuata. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko iliyopo, na mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba wa bibi wa miaka themanini huificha. Andika sentimita hizo juu ya ukurasa wa kila mtu, ili asije akafungwa mkanda usiokuwa wake kwa sababu tu ndio uliokuwa mezani. Nyumba yenye watu wanene na wembamba inahitaji mikanda miwili, na kwa maoni yangu fedha ya mkanda wa pili ina faida kuliko fedha ya mashine yenye mapambo mengi.

Kumtayarisha mtu kabla ya kumpima

Wakati unaofaa kuliko wote katika nyumba zetu ni baada ya sala ya Alfajiri, mtu akiwa amekwisha kwenda haja ndogo, hajanywa chai wala kahawa, hajameza dawa, na joto halijapanda. Wakati wa pili ni jioni kabla ya kula. Nusu saa kabla ya kupimwa asinywe kahawa, asivute sigara, asitafune mogoka, wala asifanye kazi ya nguvu, na hapa kazi ya nguvu ni pamoja na kupanda ngazi akiwa na ndoo au kutembea kutoka Shela juani. Kibofu kilichojaa peke yake kinaweza kuongeza pointi kumi au zaidi, na baridi, maumivu na ugomvi huongeza pia. Mama akiwa ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi, mwache amalize. Kisha aoshe mikono, ahamie kitini, na atulie.

Kutulia ni dakika tano kamili za kukaa kimya. Aketi kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zikigusa sakafu, miguu haijapandanishwa. Kiti kikiwa kirefu, kama vile viti vyetu vya enzi, miguu iwekwe juu ya kibao chake, isining'inie. Mkono ulazwe mezani au juu ya mto, kiganja kikitazama juu, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Mkono unaoning'inia huongeza nambari, na mkono ulioinuliwa juu ya kifua huipunguza.

Mkanda hufungwa kwenye ngozi. Kanzu iliyokunjwa hadi begani hukaza mkono na kuharibu kipimo. Heri mtu atoe mkono wake nje ya kanzu kabisa. Kwa ajili hiyo wanawake wapimwe ndani na mwanamke mwenzao, wakiwa faraghani, ili asiwepo wa kuona haya na kutaka mkanda ufungwe juu ya nguo. Makali ya chini ya mkanda yakae vidole viwili juu ya kiwiko, bomba likielekea upande wa ndani wa mkono, na ufungwe kiasi cha kidole kimoja au viwili kupenya.

Mtu asizungumze mashine inapofanya kazi, na hili ndilo gumu kuliko yote. Chukua mfano wa ami mmoja anayekubali kupimwa kwa sababu tu umemkuta kwenye daka baada ya sala ya Alasiri. Ameketi mguu juu ya mguu, kikombe cha kahawa tungu mkononi, mkono wa kanzu umekunjwa, na anamjibu mwenzake habari za bei ya samaki. "Haya pima upesi, mwanangu, mimi sina maradhi," anasema, na mashine inatoa 158/96. Ukiondoka na nambari hiyo utakuwa umechukua kahawa, mguu, kanzu na maneno yake vyote kwa pamoja. Mwambie kwa adabu, "Ami, nipe dakika zako kesho baada ya Alfajiri, tuipime vizuri," kisha kesho yake umkalishe kama inavyotakiwa. Tuseme inatoka 142/88. Imeshuka, na wapo watakaofurahi na kuiacha hapo, lakini nambari hiyo ya pili ndiyo ya kushughulikiwa zaidi, kwa sababu haina tena cha kusingiziwa.

Kipimo chenyewe na daftari

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, mmoja baada ya mwingine. Ule ulioonyesha nambari kubwa ndio utakaotumiwa siku zote. Tofauti ikizidi pointi kumi na tano kila unaporudia, andika na umwambie mtabibu, kwani inaweza kuashiria mshipa uliobana. Baada ya hapo, kila asubuhi na kila jioni pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, kwa siku saba mfululizo. Siku saba zikishindikana, zisipungue tatu. Vipimo vya siku ya kwanza huachwa nje ya hesabu, kwa kuwa mtu bado huwa na wasiwasi na mashine.

Kila mstari wa daftari uwe na tarehe, saa, nambari ya juu, nambari ya chini, mapigo ya moyo, na neno moja la maelezo likihitajika, kwa mfano "hakulala" au "ana homa". Andika nambari kama mashine ilivyozitoa. Mtu anayekadiria 147 kuwa 150, au anayerudia kupima mpaka itoke nambari inayompendeza kisha akaandika hiyo tu, ameliharibu daftari zima, na kwa wazee wanaopenda kuonekana wazima jambo la pili hutokea sana. Mwishoni jumlisha nambari za juu zote na ugawanye kwa idadi yake, kisha fanya hivyo kwa za chini. Kwa vipimo viwili vya 148/92 na 144/90, wastani ni 146/91. Kwa vya siku sita utatumia kikokotoo cha simu.

Mashine ikiandika alama ya mapigo yasiyo ya kawaida mara kwa mara, usiendelee kuhangaika na wastani. Mpeleke mtu huyo akapimwe kwa mkono na asikilizwe moyo.

Maana ya nambari

Nambari ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa wakati moyo unapojikaza kusukuma, na ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapolegea baina ya pigo na pigo. Zote hupimwa kwa milimita za zebaki. Katika kituo cha afya, presha ya juu huhesabiwa kuanzia 140 kwa nambari ya juu au 90 kwa ya chini, ikirudiwa katika siku tofauti. Nyumbani, ambako mtu ametulia, kiwango ni kidogo zaidi: wastani wa 135 au 85 na kuendelea. Inatosha nambari moja kuvuka. 128/92 haisameheki kwa sababu ile ya juu ni nzuri, wala 158/80 ya mzee si "kawaida ya uzee". Nambari ya juu ikipanda peke yake kwa wazee ni hatari, na hutibiwa.

Wapo ambao hupanda wakimwona mtabibu na kushuka wakirudi nyumbani, na wapo kinyume chao, ambao zahanati huwaona wazima ilhali nyumbani wako juu siku zote. Hao wa pili ndio ambao daftari lako huwafaa zaidi, kwa kuwa hakuna njia nyingine rahisi ya kuwagundua.

Mwenye wastani usiofika 135/85 lakini nambari yake ya juu iko baina ya 130 na 134 apimwe tena baada ya miezi michache. Aliyevuka 135/85 aende kituo cha afya katika wiki hizo, na aliyefika 160 au 100 aende siku chache zijazo bila kumaliza hizo siku saba. Ikionekana 180 au 110, mwache atulie dakika tano na umpime upya. Ikibaki hapo, aende siku hiyohiyo hata akisema hajisikii vibaya. Nambari za chini ya 90/60 ambazo watu huziita presha ya kushuka hazina ubaya kwa mtu asiyesikia kizunguzungu; anayezimia au anayetumia dawa za presha aonane na mtabibu.

Mjamzito ana hesabu yake. Akifika 140 au 90, aende kliniki siku hiyohiyo. Akiumwa kichwa sana, akiona giza au nyota machoni, akipata maumivu chini ya kifua upande wa kulia, au akivimba uso ghafla, huenda ni mwanzo wa kifafa cha mimba, na hapo hakuna kungoja asubuhi.

Wakati usiosubiri

Mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kuishiwa nguvu, maneno kuvurugika, kifua kubana, pumzi kukatika, kuchanganyikiwa au jicho kupoteza nuru ghafla ni mambo ya kukimbizwa hospitali, nambari iwe ngapi. Andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Kwa kiharusi kinachotokana na mshipa kuziba, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na swali la kwanza litakuwa hilo. Usimlazimishe kumeza kitu. Usimpe kidonge cha mwenzake, na hasa usimwekee nifedipini chini ya ulimi kama ilivyokuwa ikifanywa zamani, kwa sababu presha ikianguka ghafla ubongo hukosa damu.

Kwa walio Lamu mjini, Hospitali ya King Fahd inafikika kwa machela au kwa mashua. Kwa jamaa wa Pate, Siyu, Kizingitini, Matondoni au Kipungani, swali ni la chombo na maji. Mpango wake uwekwe kabla: ni nahodha gani huitikia simu usiku, mafuta yako wapi, na maji yakiwa makavu chombo kitaondokea wapi. Namba za manahodha wawili ziandikwe kwenye jalada la daftari, kwani mmoja anaweza kuwa baharini.

Kulipeleka daftari kwa mtabibu

Mgonjwa aende na daftari lenyewe, mashine, na vidonge vyote anavyotumia ndani ya mfuko mmoja, pamoja na vya miti shamba. Mtabibu akithibitisha, omba vipimo vya msingi: mkojo kwa ajili ya protini, sukari, kreatinini ya damu kuonyesha hali ya figo, na kipimo cha umeme wa moyo kikipatikana. Uliza mambo matatu kabla ya kutoka: jina la dawa na saa ya kuinywa, presha inatakiwa ishuke hadi ngapi, na tarehe ya kurudi.

Dawa zinazoandikwa mara nyingi ni amlodipini, losatani, enalaprili na hidroklorothiazaidi, na mara nyingine mbili hutolewa pamoja tangu mwanzo. Watu wengi huziacha kwa sababu hawakuambiwa kitakachotokea. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, enalaprili inaweza kuleta kikohozi kikavu, na hidroklorothiazaidi huongeza mkojo. Kila moja ina mbadala wake, kwa hiyo mtu arudi akabadilishiwe, asikae kimya na vidonge kabatini. Losatani na enalaprili hazitumiwi na mjamzito. Sababu ya pili ya kuacha ni nzuri zaidi na ya hatari zaidi: presha imeshuka, mtu akajiona amepona. Imeshuka kwa sababu ya kidonge, na kwa walio wengi kidonge ni cha maisha.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, mgonjwa amuulize mtabibu kama dawa yake ihamishiwe futari au daku, hasa akiwa anatumia ya kukojoza, ambayo huweza kumkausha maji mchana wa kufunga. Mvuvi anayekaa baharini siku kadhaa aweke vidonge vya siku hizo na za akiba ndani ya chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, mbali na jua na injini. Kuumika, habasoda na kitunguu saumu mtu anaweza kuendelea navyo akipenda na mtabibu akiwa na habari, lakini visishike nafasi ya kidonge.

Kuhusu chakula nitasema kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe linajulikana na tatizo liko kwenye kipimo. Chumvi yote ya siku kwa mtu mmoja isizidi gramu tano, yaani kijiko kidogo cha chai kisichojaa sana, na hesabu hiyo inajumuisha iliyomo katika achari, ng'onda, papa mkavu, mkate na vikolezo vya vipande. Mpishi akiipunguza chunguni hatua kwa hatua, baada ya wiki kadhaa ulimi huzoea. Chumvi ya mezani iondolewe siku ya kwanza. Wanaokunywa maji ya visima vilivyoingia chumvi watafute maji matamu ya kunywa na ya kupikia wakiweza. Unene ukipungua hata kidogo presha hushuka, na sigara iachwe.

Aliyeanza dawa apimwe nyumbani kwa utaratibu uleule wiki moja kabla ya kila tarehe ya kurudi, asubuhi kabla hajaimeza. Waliokutwa wazima wapimwe tena kila mwaka. Duru hiyo inafaa sana kufanywa mwezi wa Maulidi, wakati jamaa wa Mombasa na Nairobi wanaporudi Lamu na nyumba kujaa watu ambao mwaka mzima humwoni hata mmoja wao akiingia zahanati. Wakiwa wengi na siku zikiwa chache, zitumieni zile siku tatu ambazo kipimo hakipungui hapo, na kabla hawajavuka kwenda Mokowe kupanda basi, kila mmoja aupige picha ukurasa wake kwa simu.